Isimu ya Kiingereza kwa mashabiki wa michezo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa darasa la jioni hapa Nairobi: watahiniwa wa KCSE, wahudumu wa boda boda, makarani, na wazazi waliochoka kuaibishwa na homuwaki ya watoto wao. Karibu kila mmoja ana timu yake, kwa hiyo mifano mingi imetoka uwanjani. Unaweza kuanza na swali lolote. Jibu linapoendelea kwingine, utaelekezwa.

## Ya msingi

1. Isimu ni nini, na inatofautianaje na sarufi ya shuleni?

Sarufi ya shuleni inakuambia useme nini ili usikatwe maksi. Isimu inauliza watu husema nini hasa, na kwa nini husema hivyo. Mwanaisimu akipanda matatu na kusikia Kiingereza cha kondakta, hamsahihishi. Anatafuta kalamu.

Matawi yake makuu ni fonetiki na fonolojia (sauti), mofolojia (maumbo ya maneno), sintaksia (mpangilio wa maneno katika sentensi), semantiki (maana) na pragmatiki (maana kulingana na mazingira). Ili yasibaki majina matupu, chukua sentensi fupi: *The keeper saved it.* Mtu wa fonetiki anasikia kwamba *saved* inaishia kwa sauti ya d, na kwamba ile e iliyoandikwa haitamkwi. Wa mofolojia anaona *keeper* ni *keep* pamoja na *-er* ya mtendaji, kama vile *m-* yetu katika mlinzi. Wa sintaksia anakuambia huwezi kusema *Saved the keeper it*. Wa semantiki anataka kujua *save* hii inahusianaje na ile ya kuweka pesa SACCO. Na wa pragmatiki anaangalia nani amesema: kwa shabiki wa timu ya kipa hiyo ni shangwe, kwa shabiki wa upande wa pili ni malalamiko, na maneno ni yale yale.

2. Kiingereza kimetoka wapi?

Ni lugha ya Kigermaniki, ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi. Waangli, Wasaksoni na Wajuti waliivukisha bahari hadi Uingereza kuanzia karne ya 5. Mwaka 1066 Wanormani waliiteka nchi hiyo wakitokea Ufaransa, na kwa karne kadhaa wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa huku raia wakiendelea na lugha yao.

Ukichambua maneno ya michezo, tabaka hizo mbili zinaonekana. *Run*, *swim*, *throw*, *win* na *team* ni ya Kigermaniki (*team* iliwahi kuwa wanyama waliofungwa nira pamoja). *Champion*, *captain* na *sport* yalipitia Kifaransa. Lakini usihesabu maneno ukadhani umejua ukoo wa lugha. Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu na bado ni Kibantu, kwa sababu sarufi yake ni ya Kibantu. Vivyo hivyo Kiingereza.

3. Kwa nini Kiingereza huandikwa hivi na kusomwa vile?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa kawaida kwa hasira. Kiingereza kina herufi 26, lakini lafudhi sanifu ya Uingereza ina fonimu (sauti zinazotofautisha maana) zipatazo 44, na takriban 20 kati ya hizo ni irabu. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandika. Hapo tu, hesabu ya Kiingereza imeshakataa.

Sababu kubwa zaidi ni ya kihistoria. Kati ya miaka ya 1400 na 1700, kwa kukadiria, irabu ndefu za Kiingereza zilihama karibu zote. Wakati huohuo uchapaji ulikuwa umeingia: William Caxton alifungua mtambo wake Westminster mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda huku matamshi yakiendelea kukimbia. Soma *time* kama Mswahili, ti-me, halafu *name*, na-me. Umekaribia sana alivyotamka Mwingereza wa miaka ya 1300. Kwa hiyo mtoto wa darasa la pili anayesoma hivyo si mjinga. Amechelewa karne sita tu.

Herufi nyingine zilikuwa na kazi zamani: k ya *knee* na *knight* ilitamkwa kweli. Na nyingine hazijawahi kuwa na kazi yoyote. B ya *debt* ilichomekwa na wasomi waliotaka neno lifanane na *debitum* ya Kilatini, ilhali lilitoka Kifaransa bila b. Wanafunzi wakisikia hilo huwa wanadai fidia.

## Sauti

4. *Hat*, *hut*, *heart*, *hurt*: mbona kwangu yote ni "hat"?

Kwa sababu sikio lako limezoea vyumba vitano vya irabu, na maneno hayo manne yote yanaingia chumba cha a. Kiingereza kinachosemwa na wengi Kenya huyaunganisha, na katika mazungumzo hakuna anayepotea: ukisema straika *is hurt*, hakuna atakayedhani amekuwa kibanda.

Mtihani ni jambo jingine. Sehemu ya stadi za kuzungumza katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE hujibiwa kwa kuandika, na mtahini anafuata matamshi sanifu ya Uingereza, si ya mtaani kwenu. Kwa lafudhi hiyo, *heart* ni a ndefu ya nyuma ya kinywa; *hut* ni fupi, ya katikati; *hat* hutamkwa mdomo ukiwa umetanuka, karibu na e; *hurt* ni ndefu, ulimi ukiwa umepumzika katikati. Jozi za namna hii, zinazotofautiana kwa sauti moja tu, ndizo mwanaisimu anazotumia kuthibitisha kwamba sauti mbili ni fonimu tofauti.

5. Sauti ya *th* naipataje?

Unayo tayari, kama unasema Kiswahili chako vizuri. *Th* ya *think* ni ile ya thamani na thelathini. *Th* ya *this* ni dh ya dhahabu na dhambi. Kiingereza ndicho kilichokosa adabu ya kuziandika kwa njia mbili. Anayesema "selasini" na "zahabu" ndiye atakayesema "sink" badala ya *think*, na dawa ni moja kwa lugha zote mbili: ncha ya ulimi iguse meno ya juu, pumzi ipite.

6. Kwa nini watu wengine "hushrabu", yaani hukosea sauti kwa kuvutwa na lugha ya nyumbani?

Kila mtoto hujifunza mapema ni tofauti zipi za sauti zina maana katika lugha ya nyumbani, na zipi azipuuze. Kikuyu hakitenganishi l na r. Dholuo haina sh. Mtu aliyekulia hapo akikutana na sauti mpya, anaisukuma kwenye ile iliyo karibu nayo. Waingereza nao hufanya vivyo hivyo, ila hakuna anayewacheka.

Jaribu hili: weka kiganja mbele ya mdomo, sema *pin*, kisha *spin*. P ya kwanza inatoa pumzi kali, ya pili haitoi. Mwingereza hajui kabisa kwamba anatamka p mbili, kwa sababu kwake tofauti hiyo haibadilishi maana. Ni alofoni za fonimu moja. Mpeleke Mombasa. Kwa mzee anayesema Kimvita cha asili, paa yenye pumzi ni mnyama, na paa isiyo na pumzi ni ya nyumba. Huyo Mwingereza atashrabu mpaka jua litue.

7. *-ed* inatamkwa vipi: t, d au id?

Sikiliza sauti inayotangulia, usiangalie herufi. Weka vidole kooni. Koo lisipotetemeka mwishoni mwa kitenzi, kama katika *kick*, *miss* na *pass*, *-ed* inakuwa t: *kicked* ni "kikt". Likitetemeka, kama katika *score*, *save* na *tackle*, inakuwa d. Kitenzi kikiishia kwa t au d chenyewe, kama *shout* na *defend*, hapo ndipo unaongeza silabi: *defended*. Kwa hiyo "ki-ked" na "mi-sed" hazipo.

S ya wingi inafuata mantiki hiyohiyo: s katika *shots*, z katika *goals*, "iz" katika *passes*.

8. Mkazo unawekwa wapi?

Kiswahili kimetudekeza. Mkazo wetu huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na vighairi ni vichache: baraBAra ya magari dhidi ya baRAbara ya sawasawa. Katika Kiingereza mkazo hutembea, na wakati mwingine ndio unaotenganisha nomino na kitenzi. *REcord* ni rekodi. *ReCORD* ni kurekodi. *TRANSfer* ndiyo inayojaza magazeti ya michezo kila Agosti. *TransFER* ni kitendo chenyewe. *PROtest* ni rufaa ambayo timu iliyofungwa huandika. *ProTEST* ni kuandamana au kupinga.

Kanuni hii inashika maneno mengi ya silabi mbili lakini si yote. *Report* na *support* hazibadiliki.

9. Kwa nini watangazaji wa Ulaya husema "Em-bape"?

Kila lugha ina orodha ya sauti zinazoruhusiwa kuanza neno. Kiingereza hakiruhusu mb mwanzoni, wala ng' ya ng'ombe, ingawa ng' hiyohiyo ipo mwishoni mwa *sing*. Jina la Mbappé lina asili ya Kameruni. Mtoto yeyote wa hapa anayesema mbuzi analitamka bila jasho, lakini mtangazaji anahitaji irabu ya kumvusha.

Sisi nasi tunavuka kwa njia yetu. Neno la Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, basi *goal* ikawa goli, *coach* kocha, *team* timu, *back* beki. Neno kama *strength*, konsonanti tatu mbele na rundo jingine nyuma katika silabi moja, ni mateso kwa sikio la Kibantu, na si aibu kulihangaikia.

## Maneno

10. *Referee* na *umpire* zina tofauti gani?

Kimchezo: kandanda, raga na ndondi zina refa; kriketi na tenisi zina *umpire*. Kihistoria ndiyo tamu.

*-ee* ni mofimu (kipande cha neno chenye maana) ya mtendwa. *Employee* ni aliyeajiriwa. *Referee*, basi, ni yule anayepelekewa shauri. Zamani mechi ya kandanda ilikuwa na *umpires* wawili, kila timu na wake, na wakishindwa kuelewana walimpelekea kesi mtu wa tatu aliyekaa nje ya uwanja. Mwaka 1891 huyo wa tatu akaingizwa ndani na kupewa mamlaka yote, wale wawili wakasogezwa kwenye mistari. Penalti nayo iliingia kwenye sheria mwaka huohuo. Nani angeipuliza kama si yeye?

*Umpire* ilianza na n: *noumpere*, kutoka neno la Kifaransa cha kale la asiye na mwenza, yaani asiye wa upande wowote. Watu wakasikia *a noumpere* kama *an oumpere*, na n ikahamia kwa jirani. *Apron* ilipoteza n yake kwa njia hiyohiyo. Usiwacheke: fundi wa gari alisikia *mudguard*, akapata madigadi, akaona *ma-* ni ya wingi, na moja ikaitwa digadi. Watanzania wakachukua *keep left* ikawa kipilefti, vipilefti. Wasemaji wa lugha zote hukata maneno pale masikio yao yanapoona kiungo.

11. Je, *-thon* ya *marathon* ina maana?

Haikuwa nayo. Marathon ni jina la mahali Ugiriki, na huwezi kulikata ukapata "mara" na "thon" zenye maana. Lakini Waamerika walilikata hata hivyo, wakapata *walkathon* na *telethon*, na leo *-athon* ni kiambishi hai kinachomaanisha shughuli ndefu, mara nyingi ya kuchangisha pesa. Kosa likirudiwa na wengi linageuka mofimu.

Kuhusu mbio zenyewe, urefu wa kilomita 42.195 ulitumika kwanza katika Olimpiki ya London ya 1908.

12. *Soccer* ni neno la Waamerika?

Hapana, na hapa mashabiki wa EPL huwa wanakataa katakata. Chama cha Football Association kiliundwa London mwaka 1863, na mchezo wake ukaitwa *association football* ili utofautishwe na raga. Wanafunzi wa Oxford walikuwa na mtindo wa kukata maneno na kubandika *-er*: *rugby* ikawa *rugger*, na *association* ikakatwa katikati ikawa *soccer*. Waamerika walilihifadhi kwa sababu tayari walikuwa na *football* yao. Waingereza walililea, kisha wakalikana.

13. Kipchoge alikimbia chini ya saa mbili. Kwa nini haiitwi *record*?

Hili ni swali la semantiki. Neno la kawaida lina mipaka legevu. Istilahi ina mipaka iliyoandikwa. Oktoba 2019 mjini Vienna, Eliud Kipchoge alitumia saa 1:59:40, na kwa maana ya mtaani hiyo ni rekodi bila ubishi. Lakini istilahi ya riadha inadai mashindano ya wazi, na Vienna hayakuwa hayo: waongoza kasi walipokezana njiani, na vinywaji vililetwa kwa baiskeli. Saa 2:00:35 ya marehemu Kelvin Kiptum, Chicago, Oktoba 2023, ilitimiza masharti na ikaidhinishwa. Wanaobishana kwenye kibanda cha kahawa wote wako sahihi. Wanatumia maneno mawili yanayofanana.

## Sentensi

14. "Gor won Leopards" ina shida gani?

Hili ndilo kosa ninaloliandikia wekundu zaidi ya yote, na chanzo chake ni Kiswahili. Kushinda kwetu kunapokea chochote: unashinda mechi, unashinda kombe, unamshinda mpinzani. Kiingereza kimegawa kazi. *Win* huchukua mechi au zawadi. *Beat* huchukua mpinzani. Kwenye CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani), Agosti 2025 pale Kasarani, *Kenya beat Morocco 1-0*, na hivyo *Kenya won the match*. Ukisema *Kenya won Morocco*, Mwingereza atauliza kama nchi hiyo ilikuwa kwenye bahati nasibu.

*Beat* ina mtego wa pili: wakati uliopita haubadiliki. *Beated* haipo.

15. *Arsenal is* au *Arsenal are*?

Zote. Mwingereza akizungumzia timu kama kundi la watu husema *are*. Mmarekani hupenda *is*. Sisi tunafanya hivyohivyo bila kufundishwa: Gor imefunga, Gor wamefunga. Chagua moja na ubaki nayo katika insha.

16. Mbona mtangazaji anasema *he shoots* na si *he is shooting*?

Mwalimu wako wa shule alikwambia *he shoots* ni ya mazoea. Ni kweli, lakini si yote. Wakati huo sahili hutumika pia kwa tendo linalokwisha papo hapo linaposemwa: *Olunga turns, he shoots!* Tendo linaloendelea hupata *-ing*: *Olunga is warming up.* Sikiliza mechi moja nzima ukiwa na kalamu, utaona mtangazaji anabadilisha bila kukosea. Kwa Kiswahili, *-na-* inabeba zote mbili: anapiga, anapasha misuli. Ndiyo maana tofauti hiyo hutuponyoka.

17. *A* au *an* kabla ya vifupisho?

Kanuni inahusu sauti (kama swali la 7), si herufi. *An FKF official*, kwa sababu F inasomwa "ef". *A UEFA official*, kwa sababu inaanza na y ya "yu". Kwa sababu hiyohiyo ni *an MP*, *an hour*, na *a university*.

## Yenye utata

18. Kiingereza cha Kenya ni kibovu?

Ni lahaja. Mwanaisimu Braj Kachru mwaka 1985 aligawa Kiingereza cha dunia katika duara tatu, na nchi kama Kenya, ambako lugha hiyo si ya nyumbani lakini ina kazi rasmi, zikawa duara la nje. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inafanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi.

*Pick me at Archives* ina mantiki, na kila mtu mjini ameielewa. Mwingereza angeongeza *up*. *I'm coming*, inayosemwa na mtu anayeondoka huku akikupa mgongo, ni tafsiri ya "nakuja" yetu, na mgeni hubaki akikodoa macho. Ushauri wangu: zitumie na wenzako bila aibu, na ujue ni zipi za kuacha mlangoni ukiingia kwenye mahojiano ya kazi au mtihani.

19. Ni kweli *love* ya tenisi ni yai la Kifaransa?

Hadithi inasema sifuri ilifanana na yai, *l'œuf*, na Waingereza wakasikia *love*. Inapendeza mno, na ushahidi wake ni mwembamba. Maelezo yenye miguu ni usemi wa zamani wa kucheza *for love*, yaani bila dau lolote. Neno *tennis* lenyewe ndilo la Kifaransa: *tenez*, "shika!", kelele ya anayeanzisha mpira.

20. Na *hat-trick*? Kofia ilitoka wapi?

Kutoka kriketi, Sheffield, 1858. H. H. Stephenson aliangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo, watu wakachangishana wakamnunulia kofia. Kandanda liliazima neno baadaye na kulegeza masharti: mabao matatu katika mechi moja yanatosha, hata yasipofuatana. Mashabiki wa kriketi pale Nairobi Gymkhana, uwanja ambao Kenya iliishinda Sri Lanka mwaka 2003 ikielekea nusu fainali ya Kombe la Dunia, bado wanaona huo ni wizi.